Baruti na Kwao

Nilipoombwa kuandika juu ya desturi moja ya wazee wetu, nilifikiri kwanza juu ya mahari, kisha juu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Lakini watu wenye ujuzi kunizidi wanaweza kuandika juu ya mambo hayo. Mimi nimechagua neno ambalo watu wa Goma hatupendi tena kulisikia: baruti. Sitaandika juu ya vita, ingawa vita itapita ndani ya makala hii kama inavyopita kila mara ndani ya nyumba zetu. Nataka kuandika juu ya baruti ya wawindaji, jinsi wazee walivyoichagua, na jinsi mimi mwenyewe, mtoto wa masomo, nilivyosahau swali lao la kwanza.

Sababu ya kuandika sasa ni hii. Wiki chache baada ya mapigano ya mwisho wa Januari 2025 hapa mjini, tuliporudi darasani, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano alinifuata wakati wa mapumziko. Mimi hufundisha kemia. Akatoa soksi mfukoni, na ndani ya soksi mlikuwa na risasi mbili nzima za Kalashnikov.

“Prof,” akasema, “hii masasi tuliokota nyuma ya nyumba. Tukiifungula, tukatosha baruti yake, koko yangu ataweza kuitumika mu bunduki yake ya kijiji? Ile ya kupakia ku mdomo?”

Hakuwa mtoto mbaya. Babu yake analima, ngurube wa pori wanamaliza muhogo wake, na baruti ya kununua imekuwa ghali. Ni swali la akili. Lakini miguu yangu iliregea, kwa kuwa swali hilohilo liliwahi kuulizwa mbele yangu miaka mingi iliyopita, na jibu nilitoa mimi.

Kabla ya baruti

Sisi Wanyanga wa Walikale ni watu wa msitu. Kabla ya bunduki kufika, wazee waliwinda kwa mitego, kwa nyavu, kwa mikuki, na kwa mbwa waliofungwa njuga za mti shingoni ili mwenye mbwa asikie wanakokwenda. Kila chombo kilikuwa na masharti yake. Hata utenzi wetu mkubwa wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliutoa kitabuni mwaka 1969 kutoka kinywani mwa mzee Shé-Kárisi Rureke, unamalizikia hapo. Mwindo anamuua Kirimu, joka la msituni, na Nkuba, yaani Radi, rafiki wa joka hilo, anampandisha juu mawinguni ili aadhibiwe. Anaporudi duniani amekatazwa kuua wanyama. Ndiyo kusema, hata shujaa anafundishwa mipaka ya nguvu zake.

Bunduki ziliingia huku kwetu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kutoka Zanzibari na Tabora. Tippu Tip, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alieleza katika maisha yake aliyoyaandika kwamba jina hilo alipewa kwa sababu ya mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Vyovyote iwavyo, watu wa mashariki ya Kongo walijua bunduki kwanza kama kitu cha kuogopa, na baadaye tu kama chombo cha kuwindia.

Bunduki hizo karibu zote zilipakiwa kwa mdomo. Unamimina baruti ndani ya mtutu, unaweka kizibo, unatia risasi au vipande vya chuma, kizibo tena, kisha unashindilia kwa mdeki. Za zamani zaidi ziliwashwa kwa jiwe la gumegume; zilizofuata kwa fataki. Kwa Kifaransa cha Kongo watu huziita pupu. Ndugu zetu wa Tanzania huziita magobori.

Baruti mbili, watu wawili

Hapa lazima nieleze jambo la historia, kwa kuwa bila hilo ajali nitakayoisimulia haieleweki.

Mpaka mwaka 1884 bunduki karibu zote za dunia, za mfalme na za mwindaji, zilikula baruti ya aina moja: baruti nyeusi. Ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, kiberiti na makaa. Vipimo vyake sitaviandika hapa, na darasani pia sivitoi. Kiberiti watu wa Goma tunakijua kwa pua, maana Nyiragongo inatukumbusha. Baruti nyeusi ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kuwa moshi mzito na masizi. Ndiyo maana mwindaji wa zamani alipiga mara moja na asione tena mnyama wala ndugu yake aliyesimama karibu.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti nyingine kabisa. Haikutoka katika makaa wala kiberiti. Ilitoka katika nitroselulozi, ambayo ni pamba au nyuzi za mti zilizobadilishwa kwa asidi. Karibu yote inageuka hewa, moshi wake ni kidogo sana, na nguvu yake inapita baruti nyeusi kwa mbali. Mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyotengenezwa kwa ajili ya baruti hiyo, na majeshi mengine ya Ulaya yakafuata mbiombio.

Miaka minne baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kuzungumzia biashara ya watumwa yalitia sahihi mkataba uliofunga mlango wa silaha kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Sisi tumo ndani ya mstari huo. Mlango mdogo uliachwa wazi, chini ya ruhusa: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida iliyoitwa baruti ya biashara. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, walitengeneza bunduki za namna hiyo kwa wingi sana kwa ajili ya Afrika.

Mwanajeshi wa kawaida wa koloni alichelewa kupata baruti mpya. Vita ilipoanza mwaka 1914, kompania nyingi za askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki zilikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871 yenye kula baruti nyeusi. Upande wa Wabelgiji, Force Publique ilikuwa bado na Albini nyingi, nazo za baruti nyeusi. Hapa kwetu, katika ziwa Kivu, ambapo Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi Septemba 1914, aliyepiga risasi alijionyesha mwenyewe kwa moshi wake. Baada ya hapo serikali zote zikahama. Baruti isiyo na moshi ikawa ya serikali, na baruti nyeusi ikabaki ya kijiji.

Kwa muda mrefu hizo mbili hazikukutana. Mwindaji wa Walikale aliweza kuzaliwa, kuwinda miaka 50 na kufa bila kushika punje moja ya baruti ya jeshi. Ujuzi wake wote ulikuwa ujuzi wa baruti moja. Ulikuwa ujuzi mkubwa, lakini mtu asilisahau hilo.

Maswali matatu ya babu

Babu yangu, mzazi wa baba yangu, alikuwa na bunduki ya fataki ambayo naye aliirithi. Kitako kilikuwa kimefungwa kwa waya wa shaba. Aliiogesha kwa maji ya moto kila alipotoka porini, kwa kuwa masizi ya baruti nyeusi yananyonya unyevu na kula chuma. Baruti aliiweka ndani ya pembe ya ng'ombe yenye kizibo cha mti, akaitundika ndani ya nyumba mahali pakavu, mbali na mafiga. Sisi watoto hatukuruhusiwa kupita chini yake.

Baruti alinunua kwa wafanyabiashara waliopita, na mara nyingine kwa mafundi wa vijiji vya mbali. Niliona jinsi alivyonunua, nikiwa na miaka kama tisa. Ilikuwa sawa na mtu anayechagua mke wa mtoto wake.

Swali la kwanza lilikuwa: “Hii baruti kwao ni wapi?” Nani aliitengeneza, nani aliibeba, ilipita mvua wapi, nani mwingine ameinunua na bunduki yake ilifanya nini. Muuzaji akisitasita, mazungumzo yalikwisha. Babu alimpa maji ya kunywa na kumtakia safari njema.

Swali la pili lilikuwa la macho na vidole. Aliimwaga kidogo kiganjani. Alitazama rangi, alitazama kama punje ni sawasawa au zina vumbi vumbi. Aliisugua: ikiacha weusi mwingi kwenye vidole, ina unga, au imeshika unyevu. Alichagua kwa ukubwa wa punje. Punje ndogo zinawaka mbio, punje kubwa zinawaka polepole zaidi. Bunduki nene inavumilia hii, bunduki nyembamba inataka ile. “Baruti haiko ya kila bunduki,” alikuwaka anasema. “Hata kiatu, mutoto, unapimaka kwanza.”

Swali la tatu lilikuwa la moto. Aliweka punje chache juu ya jani la mgomba, mbali na pembe, mbali na watu, akagusa kwa kijiti chenye moto. Baruti nzuri iliondoka mara moja, pufu, moshi mweupe ukapanda, na jani likabaki na alama ndogo. Baruti mbaya ilichechemea, ikaacha matone meusi. Kwa mwendo wa ule moto babu alijua apime kiasi gani. Kipimo chake kilikuwa kifuko kidogo cha mfupa uliotobolewa. Hakukibadilisha kwa sababu ya hasira au tamaa ya mnyama mkubwa.

Nataka msomaji aone mpangilio: kwao, macho, moto. Babu hakuanza na moto hata siku moja. Alifariki mwaka 1991. Bunduki ilibaki kwa mtoto wake wa mwisho, baba yangu mdogo.

Kiangazi cha 1999

Kuanzia 1994 mambo yaligeuka. Julai ya mwaka huo umati wa wakimbizi na jeshi lililoshindwa vilivuka mpaka kuingia Goma. Baadaye ikaja vita ya 1996, kisha ya 1998. Biashara ya baruti nyeusi ikakatika, barabara zikafa. Lakini masasi ya vita yakawa mengi. Mtu aliyalima shambani kama karanga. Baruti mbili ambazo hazikuwahi kukutana sasa zilikutana ndani ya kijiji chetu.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa sekondari tawi la sayansi. Nilikuwa nimerudi kijijini kwa likizo. Baba mdogo akaniita nyuma ya nyumba. Mbele yake palikuwa na risasi kadhaa alizokwisha kuzifungua na kikopo chenye baruti: punje ndogo ndogo, za kijivu, zinazong'aa kidogo. Hazikufanana na zile za babu.

“Wewe mutoto wa masomo,” akasema, “njoo tuione pamoja.”

Akafanya alivyomwona baba yake akifanya. Jani la mgomba, punje chache, kijiti cha moto. Jani nililishika mimi upande mmoja. Hakukuwa na pufu. Moto wa rangi ya njano uliwaka taratibu, karibu kama nta ya mshumaa, bila haraka, bila moshi, ukaisha. Tukatazamana.

“Iko na nguvu kidogo,” nikasema mimi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Baba mdogo alikubali. Kwa kuwa tuliiona dhaifu, kipimo cha mfupa alikijaza mpaka juu, kama kwa baruti ya zamani. Asubuhi alikwenda shambani kungojea ngurube. Tulisikia mlio mmoja ambao haukuwa mlio wa bunduki ya babu. Mtutu ulipasuka karibu na fataki, mahali mkono wa kushoto unaposhika. Alipoteza vidole vitatu na jicho la kushoto. Tulimbeba kwenye tipoi siku moja na nusu mpaka tukapata mganga. Hakufa. Aliishi miaka 17 baada ya hapo, akalima kwa mkono mmoja na nusu, na hata siku moja hakuniambia, “Wewe ndiwe uliyesema.” Mimi ndiye ninayejiambia.

Kwa nini moto ulitudanganya

Nilikwenda kusoma kemia katika chuo cha ualimu kwa sababu nyingi, lakini hii ni moja. Nilitaka kujua juu ya nini jani la mgomba lilimwambia babu ukweli, nasi likatudanganya.

Jibu ni rahisi kuandika. Baruti nyeusi, ikiwa wazi au imefungwa, inawaka mbio. Kufungwa kunaiongezea mwendo, lakini si kupita kiasi. Kwa hiyo ukiiona inavyowaka juu ya jani, umeona karibu tabia yake yote. Baruti ya nitroselulozi ina tabia nyingine. Katika hewa wazi ni mpole. Ukiifunga ndani ya chuma, hewa inayotoka inakosa njia, mgandamizo unapanda, na mgandamizo huo unaifanya iwake mbio zaidi, na mbio hizo zinaongeza mgandamizo tena. Kila hatua inasukuma nyingine. Upole wake wa nje si ushuhuda wa nguvu yake ya ndani.

Tuchukue hesabu. Tairi ya taksi inayopanda kutoka Birere ina kama bari 2. Risasi ya Kalashnikov inaruhusiwa kufika bari kama 3,550, na bunduki yake imetengenezwa kwa chuma na kufuli zinazoweza kubeba mzigo huo. Bunduki ya babu, au ile ambayo mhunzi wa kijiji ametengeneza kwa bomba la gari bovu, haikuzaliwa kwa mzigo wa namna hiyo. Inaweza kustahimili mara moja, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwa sababu mtu atasema, “Unaona? Haikufanya kitu.” Chuma kimekwisha kufunguka kidogo ndani, mahali jicho halifiki.

Wengine wameniambia: basi mtu atumie kidogo tu. Hapana. Hakuna kipimo salama cha baruti ya vita ndani ya bunduki ya baruti nyeusi. Kwanza, hujui ni baruti gani, kwa kuwa hata baruti zisizo na moshi ziko za aina nyingi, za mbio na za polepole, na mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho. Pili, mahali penye nafasi na vizibo vya nyuzi za mgomba, mgandamizo haupandi kwa utaratibu. Tatu, bunduki yenyewe hujui nguvu yake iliyobaki.

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo la watu maskini wa msituni tu. Katika Marekani na Ulaya kuna wawindaji wengi wenye kibali ambao hujaza wenyewe risasi zao nyumbani. Ni kazi ya subira. Wana mizani ndogo sana na vitabu vya majedwali vinavyosema, kwa bunduki hii na risasi hii, baruti hii, kuanzia hapa, usipite hapa. Na sheria yao kubwa ya kwanza ni ipi? Baruti iliyopoteza karatasi yake, haijulikani jina lake, isitumike kabisa, hata kama inaonekana nzuri. Ndiyo kusema, wao pia wanauliza kwanza, “Kwao ni wapi?”

Tena wao pia walipata baruti kutoka vitani. Baada ya vita ya 1939–1945, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua kwa serikali ya Marekani baruti nyingi za jeshi zilizobaki, akaziuza kwa wawindaji, na kampuni yenye jina lake ikatoka hapo. Lakini baruti ile ilikuwa inajulikana jina lake, ilipimwa, na iliuzwa kwa watu wenye bunduki zilizotengenezwa kwa baruti ya namna hiyo. Kumbe ubaya wa baruti yetu ya 1999 haukuwa kwamba imetoka vitani. Ubaya wake ni kwamba ilikuja bila jina, ikaingia katika bunduki isiyo yake.

Desturi ilikosea?

Nilipokuwa kijana, niliposimulia habari hii kwa wenzangu wa chuo, walicheka jaribio la jani la mgomba. Walisema: ndiyo hayo mambo ya kienyeji, angalieni yalipotufikisha. Nami nilikubali kwa miaka kadhaa, maana ni raha kuiweka hatia juu ya wazee waliokufa.

Leo sikubali tena. Jaribio la babu lilikuwa jaribio la kweli, kwa kitu alichokijua. Na lilikuwa la tatu katika mpangilio. La kwanza lilikuwa swali la kwao. Kama baba mdogo angemletea babu kile kikopo na babu akauliza, “Hii kwao ni wapi?”, jibu lingekuwa: imetoka ndani ya masasi ya askari tusiowajua. Hapo mzee angemrudishia kikopo na kumpa maji ya kunywa. Sisi tulishika tendo lenye kuonekana, lile la moto, tukaacha swali lisiloonekana. Na mimi niliongeza kosa langu: nilitoa hukumu kwa sababu nilikuwa na daftari la sayansi, na hakuna aliyenifundisha kusema “sijui”.

Naona hivyo ndivyo desturi nyingi zinavyoharibika mikononi mwetu. Tunahifadhi ngoma, tunaacha sababu ya ngoma. Kisha mambo mapya yanakuja, ngoma haitoshi, tunasema wazee walikuwa wajinga.

Sharti niongeze pia neno la sheria, nisije nikaeleweka vibaya. Nchi yetu ina sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, na sheria ya silaha na masasi ya tarehe 3 Septemba 1985. Bunduki bila kibali ni kosa, na uwindaji ndani ya hifadhi kama Virunga ni kosa. Siandiki ili vijana warudi kwenye pupu. Naandika kwa kuwa pupu ziko, zinafichwa darini, na masasi yako chini ya mawe yetu ya volkano. Vitu viwili hivi vinatafutana.

Jibu la mwanafunzi

Nirudi darasani. Niliichukua soksi ile polepole, nikaiweka juu ya meza mbali na jua, nikamwita prefe wa masomo, naye akawaita watu wanaohusika na vitu hivyo. Kisha nikakaa na yule kijana. Nilimsimulia baba mdogo, vidole na jicho. Nilimsimulia jani la mgomba na kinywa changu.

Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, “Sasa Prof, koko nimuambie nini? Ataniuliza.”

“Umuambie hivi: mwalimu anauliza hii baruti kwao ni wapi. Yeye ni muzee, ataelewa.”

Wiki iliyofuata alirudi akicheka. Babu yake alikuwa amekaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hilo ni swali la baba yake mwenyewe, na kwamba tangu vita hakuwa amelisikia tena. Muhogo wataulinda kwa ua na kwa mbwa.

Tangu siku hiyo, kila mwanzo wa mwaka, kabla ya kufungua chupa yoyote ya maabara, ninawaandikia wanafunzi wangu ubaoni maneno matatu kwa mpangilio wa babu: kwao, macho, moto. Ninawaambia kwamba chupa iliyopoteza karatasi yake haifunguliwi. Na ninawaambia kitu kimoja zaidi: ukiokota kitu cha vita, usikiguse, usikifungue, weka mawe au kijiti kama alama mahali pa mbali nacho, uite mtu mzima, na mtu mzima amuarifu chefu wa kartie.

Kipimo cha mfupa cha babu ninacho nyumbani. Baba mdogo alinipa mwaka mmoja kabla ya kufa. Kimepasuka upande mmoja. Hakieleweki kwa mtu asiyejua habari yake, na watoto wangu walikuwa wanadhani ni filimbi. Sasa wanajua.